Kiti Kitupu: Uchambuzi wa Kuanguka kwa Serikali ya Willy Telavi Nchini Tuvalu

Tarehe 1 Agosti 2013 Tuvalu ilikuwa na Waziri Mkuu aliyetangaza kuwa anamwondoa Gavana Mkuu, na Gavana Mkuu aliyetangaza kuwa amemwondoa Waziri Mkuu, kila mmoja akiamini kwamba Katiba iko upande wake. Siku iliyofuata Bunge lilipiga kura, na tarehe 5 Agosti Waziri Mkuu mpya akaapishwa. Hakuna risasi iliyofyatuliwa wala jengo lililochomwa moto. Waliolisikia jambo hili kutoka mbali walilichukua kuwa ugomvi wa vigogo wawili wa visiwani, habari ya kupita ya siku mbili tatu. Kwa maoni yangu kisa hiki kinastahili kusomwa taratibu, kwa sababu kinaonyesha, kwa uwazi ambao ni vigumu kuupata katika nchi kubwa, jinsi serikali iliyopoteza wingi wa wabunge inavyoweza kuendelea kukaa madarakani kwa kutegemea vitu viwili tu: kiti kilicho wazi, na mamlaka ya kuamua Bunge litakutana lini.

Tuvalu ni visiwa tisa vyenye jumla ya kilomita za mraba 26, vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki kati ya Hawaii na Australia, na wakati wa kisa hiki ilikuwa na wakazi 10,000 na ushei. Zamani vilijulikana kama Visiwa vya Ellice na vilitawaliwa na Uingereza pamoja na Visiwa vya Gilbert, ambavyo sasa ni sehemu ya Kiribati, mpaka vilipojitenga navyo, na baadaye vikapata uhuru tarehe 1 Oktoba 1978. Malkia Elizabeth II alibaki kuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu ambaye ni raia wa Tuvalu. Mwezi Aprili 2008 wananchi waliulizwa kama wanataka jamhuri. Waliokataa walikuwa 1,260, na waliokubali 679. Afrika Mashariki nayo iliupitia muundo huo. Tanganyika ilikuwa na Gavana Mkuu kuanzia Desemba 1961 hadi Desemba 1962, na Kenya ikawa naye kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1964, kisha kila nchi ikageuka jamhuri kabla cheo hicho hakijatiwa katika mtihani wowote mkubwa. Tuvalu ilikibakiza, na mtihani ukaja.

Ili kisa kieleweke ni lazima kwanza hesabu ya Bunge ieleweke, maana kila kilichotokea kinatokana nayo. Katika miaka hiyo Bunge la Tuvalu lilikuwa na wabunge 15. Visiwa saba, yaani Nanumea, Nanumanga, Niutao, Nui, Vaitupu, Nukufetau na Funafuti, vilichagua wabunge wawili wawili, na Nukulaelae, chenye watu wachache, kilichagua mmoja. Niulakita, kisiwa cha tisa, huhesabiwa pamoja na Niutao. Wabunge humchagua Waziri Mkuu miongoni mwao, na hivyo mwenye watu 8 ndiye aliyetawala. Vyama vya siasa havipo. Tanzania na Kenya, mbunge anayehama chama hupoteza kiti chake, na jambo hilo humfanya afikiri mara mbili; Tuvalu hakuna chama cha kuhama, kwa hiyo mbunge anaweza kulala upande wa serikali na kuamka upinzani bila kupoteza chochote ila pengine uwaziri. Tena, kwa kuwa upande wenye wingi ulikuwa na watu 8 tu, karibu kila mmoja wao alikuwa ama waziri ama Spika. Hakukuwa na wabunge wa kawaida wa upande wa serikali walioweza kumwambia Waziri Mkuu faraghani kwamba mambo yameharibika, kwa sababu wote walikuwamo ndani ya mambo hayo.

Nguvu nyingine iko nje ya Bunge, nayo ni *falekaupule*, baraza la jadi la kila kisiwa ambamo wazee hukaa na kuamua mambo ya jumuiya yao, na ambalo sheria ya mwaka 1997 imelipa nafasi rasmi katika utawala wa visiwa. Mbunge wa Tuvalu huenda Funafuti, yaliko makao makuu, akiwa mjumbe wa kisiwa chake kwanza, na wazee waliomtuma huona wana haki ya kumuuliza alimpigia nani kura na kwa nini.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 16 Septemba 2010. Waziri Mkuu aliyekuwapo, Apisai Ielemia, alirudi bungeni lakini hakurudi madarakani. Tarehe 29 Septemba wabunge walimchagua Maatia Toafa wa Nanumea, aliyewahi kushika wadhifa huo kati ya 2004 na 2006, kwa kura 8 dhidi ya 7 za Kausea Natano wa Funafuti. Serikali ya Toafa haikufikisha miezi mitatu. Tarehe 15 Desemba kura ya kutokuwa na imani ilipita kwa 8 dhidi ya 7, baada ya Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Willy Telavi, kuvuka upande wa pili. Telavi alikuwa amewahi kuwa Kamishna wa Polisi, na kama Toafa, alikuwa mbunge wa Nanumea. Wapiga kura wale wale wa kisiwa kimoja walikuwa wamewapeleka bungeni aliyepinduliwa na aliyepindua. Tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, Telavi alichaguliwa kuwa Waziri Mkuu kwa kura 8 dhidi ya 7 za Enele Sopoaga. Kamuta Latasi wa Funafuti, aliyekuwa Waziri Mkuu katika miaka ya tisini, akawa Spika.

Enele Sopoaga, aliyeshindwa, alitoka Nukufetau, na alikuwa mwanadiplomasia aliyeiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa kwa miaka kadhaa. Mbunge wa pili wa Nukufetau alikuwa Lotoala Metia, naye akaingia katika serikali ya Telavi kuwa Waziri wa Fedha, kazi aliyokwisha kuifanya chini ya Ielemia. Kwa wazee wa Nukufetau hilo lilikuwa jambo zito. Kisiwa chao kilikuwa na nafasi ya kutoa Waziri Mkuu, nafasi ikapotea kwa kura moja, na mmoja wa waliokuwa upande wa pili alikuwa mbunge wao wenyewe. Januari 2011 wakadai Metia ajiuzulu ubunge, wakaandamana mjini Funafuti, na serikali ikajibu kwa kupiga marufuku mikutano ya hadhara kwa muda wa majuma mawili kwa kutumia sheria ya usalama wa umma. Metia hakujiuzulu. Naona Januari hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata, maana tangu siku hiyo serikali ilijua kwamba kiti cha Metia kikibaki wazi, kwa sababu yoyote ile, haitakipata tena.

Miaka miwili ya katikati nitaipita haraka. Ukame mkali uliifanya serikali itangaze hali ya hatari tarehe 28 Septemba 2011, na kaya za Funafuti zikawa zinapimiwa maji kwa ndoo, huku Australia na New Zealand zikileta mashine za kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mwezi huo huo serikali ya Telavi ilizitambua Abkhazia na Ossetia Kusini, maeneo mawili yaliyojitenga na Georgia kwa msaada wa Urusi, hatua ambayo nchi chache mno duniani zilikuwa zimeichukua. Mwaka 2012 likaja suala la meli za mafuta za Iran zilizobadilishiwa bendera ili kukwepa vikwazo vya nchi za Magharibi. Rejesta ya meli ya Tuvalu iliendeshwa kutoka Singapore, na meli kadhaa za Iran zikawa zinapeperusha bendera ya visiwa hivyo mpaka mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, alipomwandikia Telavi barua na usajili ukafutwa. Wasomaji wa Tanzania watalikumbuka suala hilo kwa upande wao: meli nyingine zilikuwa zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai, Berman akamwandikia Rais Kikwete pia, na Tanzania nayo ikalazimika kuzifuta mwaka huo huo. Mambo haya hayakuiangusha serikali ya Telavi. Nayataja kwa sababu yanaonyesha serikali ya watu 8 ikiamua mambo makubwa ya nje wakati Bunge lililopaswa kuihoji halikutani mara kwa mara.

Kifo cha kwanza kilitokea Julai 2011. Isaia Italeli wa Nui, waziri katika serikali ya Telavi, alifariki akiwa Samoa, na hesabu ikawa 7 kwa 7. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 24 Agosti, na mjane wake, Pelenike Isaia, akashinda, akawa mwanamke wa pili kuchaguliwa katika Bunge la Tuvalu baada ya Naama Latasi, aliyekuwamo tangu 1989 hadi 1997. Pelenike aliunga mkono serikali na baadaye akateuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wingi wa mtu mmoja ukarudi. Tangu kifo hadi uchaguzi haikupita hata miezi miwili, na ni vyema muda huo ukumbukwe.

Kifo cha pili kilikuwa cha Metia, tarehe 21 Desemba 2012. Hesabu ilirudi 7 kwa 7, lakini safari hii kiti kilikuwa cha Nukufetau, kisiwa cha kiongozi wa upinzani, ambacho wazee wake walikuwa wamemtaka Metia aondoke tangu mwanzo. Januari ikapita, Februari ikapita, Machi ikapita, na uchaguzi mdogo haukuitishwa. Bunge nalo halikuitwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ucheleweshaji ulitokana na uzembe wa kawaida wa serikali ndogo yenye meli chache na hazina nyembamba. Serikali hiyo hiyo, kwa meli hizo hizo, ilikuwa imeendesha uchaguzi mdogo wa Nui upesi mwaka mmoja na nusu kabla. Nui haiko karibu na Funafuti kuliko Nukufetau. Ukweli ni kinyume chake. Kilichobadilika kati ya mwaka 2011 na 2013 ni matokeo yaliyotarajiwa.

Udhaifu wa sheria ulikuwa kwamba kuanzisha uchaguzi mdogo kulitegemea hatua ya serikali yenyewe, bila tarehe ya mwisho iliyowekwa waziwazi. Aliyekuwa na sababu ya kuchelewesha ndiye aliyepewa saa. Wapinzani walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Mei 2013 mahakama ikaamuru mchakato uanze. Uchaguzi wa Nukufetau ulifanyika tarehe 28 Juni, zaidi ya miezi sita tangu kifo cha Metia, na Elisala Pita, aliyeungwa mkono na upinzani, akashinda. Upinzani ukawa na wabunge 8, serikali 7. Katika nchi yoyote inayofuata mfumo wa Westminster, yaani mfumo wa kibunge wa Uingereza, hapo ndipo Waziri Mkuu hujiuzulu au huita Bunge lipime nguvu zake. Telavi hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema kwamba Katiba inamtaka aite Bunge mara moja tu kwa mwaka, na kwa hiyo halazimiki kuliita kabla ya Desemba 2013.

Kabla ya kumhukumu Telavi, haki inatudai tuseme kwamba hakubuni njia hii. Alirithi mbinu iliyokwisha kutumika, na walioitumia walikuwa karibu mno na mahasimu wake. Mwaka 2003 Waziri Mkuu alikuwa Saufatu Sopoanga, ndugu wa Enele Sopoaga, naye mbunge wa Nukufetau. Chaguzi ndogo za Mei mwaka huo zilimwacha bila wingi, naye akachelewa kwa miezi kuliita Bunge. Katika muda huo mmoja wa wabunge wa upinzani, Faimalaga Luka, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu mwaka 2001, akateuliwa kuwa Gavana Mkuu, na kiti chake kikabaki wazi. Heshima kubwa kwa mtu, na pigo kwa hesabu ya wenzake. Mwaka uliofuata, Agosti 2004, Sopoanga aliposhindwa katika kura ya kutokuwa na imani kwa 8 dhidi ya 6, alijiuzulu ubunge wenyewe. Kiti kikawa wazi, uchaguzi wa Waziri Mkuu mpya ukasubiri uchaguzi mdogo, na Sopoanga akakishinda tena kiti hicho hicho Oktoba. Aliyechaguliwa Waziri Mkuu baada ya kungoja huko alikuwa Maatia Toafa. Kwa hiyo Toafa, aliyekaa upinzani mwaka 2013 akilalamikia kiti kitupu, alikuwa ameingia madarakani kwa mara ya kwanza baada ya kusubiri kiti kitupu kingine.

Historia hiyo yaelekea ilikuwa kichwani mwa kila mmoja Julai 2013 ilipoingia. Wapinzani walimwendea Gavana Mkuu, Iakoba Italeli, mwanasheria aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na aliyeapishwa kuwa Gavana Mkuu mwaka 2010. Kwa kawaida Gavana Mkuu huita Bunge kwa ushauri wa Baraza la Mawaziri. Mwanzoni mwa Julai Italeli alitumia mamlaka yake ya akiba, yaani yale ambayo mwakilishi wa mfalme huyatumia kwa uamuzi wake mwenyewe pale mashauri ya kawaida yanaposhindwa kazi, akaamuru Bunge likutane tarehe 30 Julai, kinyume cha matakwa ya Waziri Mkuu. Tangu uhuru nchi ilikuwa imezoea Gavana Mkuu anayefungua Bunge, anayepokea mabalozi na anayetia saini anacholetewa. Huyu alikuwa ametoa amri.

Bunge lilikutana siku hiyo, na kikao kikageuka kuwa somo la jinsi kiti kinavyoweza kutengenezwa kiwe wazi. Taom Tanukale wa Nui, Waziri wa Afya, alijiuzulu. Hakujiuzulu uwaziri peke yake, alijiuzulu ubunge. Wapinzani walidai kwamba Waziri Mkuu ndiye aliyemwagiza afanye hivyo. Spika Latasi naye akakataa kuipokea hoja ya kutokuwa na imani, akisema kwamba ni lazima kwanza uchaguzi mdogo ufanyike Nui ndipo Bunge liendelee na kazi.

Hoja ya Spika inafaa kutazamwa kwa makini badala ya kutupwa, kwa kuwa haikuwa upuuzi mtupu. Katika Bunge la watu 15 kiti kimoja ni karibu asilimia 7 ya uwakilishi wote, na watu wa Nui wangeweza kusema kwa haki kwamba si sawa serikali iundwe wakati wana mbunge mmoja badala ya wawili. Desturi ya mwaka 2004 nayo ilimpa Spika mfano wa kuushika. Lakini hoja hiyo inakwama mahali pawili. Kwanza, hata Nui ikimrudisha mtu wa serikali, hesabu ingebaki 8 kwa 7 kwa upande wa upinzani. Kiti hicho hakikuwa na uwezo wa kubadilisha matokeo ya kura iliyokuwa mezani. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kanuni ya kwamba Bunge lisikutane pasipo wabunge wote humpa kila mbunge wa serikali inayoanguka uwezo wa kulifunga Bunge kwa barua moja ya kujiuzulu, na uchaguzi mdogo ukimalizika, mwenzake anaweza kuandika nyingine. Pia haikuwapo dalili kwamba serikali iliyongoja nusu mwaka Nukufetau sasa ingeharakisha Nui. Wabunge hao hao wa serikali, tukumbuke, walikuwa wametawala miezi yote hiyo bila mbunge wa pili wa Nukufetau, na hawakuona kwamba Bunge pungufu ni sababu ya wao kuacha kazi.

Yaliyofuata tarehe 1 Agosti yalikuwa mbio. Telavi alitangaza kwamba amemwandikia Malkia akitaka Italeli aondolewe katika wadhifa wake. Kisheria alikuwa na pa kusimamia, kwa kuwa Gavana Mkuu wa Tuvalu aliteuliwa na kuondolewa na Malkia kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Kutoka London halikutoka jibu lolote la wazi. Siku hiyo hiyo Italeli alimwondoa Telavi, akamteua Enele Sopoaga kuwa Waziri Mkuu wa muda, na kuliagiza Bunge likutane kesho yake.

Katiba nyingi zilizorithiwa kutoka Uingereza zina kasoro hii: Waziri Mkuu anaweza kumshauri mfalme au malkia amfukuze Gavana Mkuu, na Gavana Mkuu anaweza kumfukuza Waziri Mkuu, na hakuna kinachosema nani atangulie. Australia iliiona hatari hiyo Novemba 1975, Gavana Mkuu John Kerr alipomwondoa Waziri Mkuu Gough Whitlam bila kumpa onyo, akihofu kwamba angeonya yeye ndiye angeondolewa kwanza. Wengi walimfananisha Italeli na Kerr. Ufanano upo katika mbio zenyewe, lakini naona unaishia hapo. Whitlam alikuwa bado na wingi katika Baraza la Wawakilishi siku aliyofukuzwa, na baraza hilo lilipopitisha kura ya kutomwamini aliyewekwa badala yake, kura hiyo haikusaidia kitu, kwa kuwa Bunge lilivunjwa. Telavi hakuwa na wingi, jambo ambalo kila raia aliyejua kuhesabu hadi 15 alilijua tangu tarehe 28 Juni, na Bunge, badala ya kuvunjwa, lilifunguliwa ili liamue lenyewe. Kerr aliliondolea Bunge uamuzi; Italeli aliurudisha kwa Bunge.

Hata hivyo sitasema kwamba Gavana Mkuu hana la kujibu. Angeweza kuliamuru Bunge likutane tena tarehe 2 Agosti bila kumgusa Waziri Mkuu, akaacha kura imwondoe. Kumfukuza Telavi saa chache kabla ya kura kulimweka Sopoaga katika kiti cha serikali kabla wabunge hawajasema neno, na kukampa Telavi nafasi ya kujiita mhanga. Utetezi wa Italeli ni kwamba Spika alikuwa amekwisha kuonyesha hatairuhusu hoja ifike mezani maadamu serikali ya Telavi ipo, na kwamba barua ilikuwa njiani kwenda London. Akingoja, huenda kesho yake pasingekuwa na Gavana Mkuu wa kuliita Bunge. Nikipima pande zote mbili, naona utetezi huo unatosha, ila kwa wembamba. Barua ya Telavi ndiyo iliyompa Italeli sababu aliyoikosa siku moja kabla.

Tarehe 2 Agosti Bunge lilikutana na kuipigia serikali ya Telavi kura ya kutokuwa na imani. Waliounga mkono hoja walikuwa 8, waliopinga 4, na mmoja hakupiga kura upande wowote. Ukimwongeza Spika unapata 14, na kiti cha kumi na tano ni kile cha Tanukale. Hata Tanukale angekuwapo, hata yule aliyejizuia angepiga kura na serikali, hata Spika mwenyewe angehesabiwa, upande wa Telavi ungefika 7. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba mvutano wote wa Julai haukuwa na nafasi ya kuiokoa serikali. Ulikuwa na nafasi ya kuinunulia muda tu, na muda huo haukuwa na kazi iliyotajwa. Tarehe 4 Agosti wabunge walimchagua Enele Sopoaga, akaapishwa siku iliyofuata. Waziri wake wa Fedha akawa Maatia Toafa, aliyeangushwa na Telavi Desemba 2010.

Kura hiyo pia ilimaliza kazi ambayo pengine ingeichukua mahakama miezi. Swali la kama Gavana Mkuu alikuwa na mamlaka ya kumwondoa Waziri Mkuu kwa namna ile halikuhitaji kujibiwa ili nchi iwe na serikali halali, maana uhalali wa Sopoaga ulitokana na wabunge waliomchagua tarehe 4, wala haukutegemea uteuzi wa muda wa tarehe 1.

Uchaguzi mdogo wa Nui, ule ambao Spika alitaka usubiriwe, ulifanyika tarehe 10 Septemba 2013 chini ya serikali mpya, wiki chache tu baada ya kiti kubaki wazi. Mshindi, Leneuoti Maatusi, alijiunga na upande wa Sopoaga. Ni wazi kwamba kiti hicho hakingempa Telavi alichokuwa akikitafuta hata kama Bunge lingengoja. Machi 2014 serikali ya Sopoaga iliondoa utambuzi wa Abkhazia na Ossetia Kusini na kuanzisha uhusiano na Georgia. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 31 Machi 2015, Sopoaga akabaki madarakani, mpaka Kausea Natano, naibu wa Telavi wa zamani na mwenye kura 7 za Septemba 2010, alipomshinda Septemba 2019.

Kufikia hapo Bunge halikuwa tena na watu 15. Nukulaelae ilikuwa imeongezewa mbunge wa pili ili ilingane na visiwa vingine, na jumla ikawa 16. Kwa wakazi wa Nukulaelae ni haki iliyochelewa kwa miongo, na sioni wa kuwapinga. Lakini namba shufwa ina hatari yake, na majirani wanaijua: Nauru, ilipokuwa na wabunge 18, ilikwama 9 kwa 9 kwa miezi kadhaa mwaka 2010, ikarudia uchaguzi mkuu, na ikakwama tena. Mwaka 2019 Tuvalu ilinusurika kwa sababu Natano alipata kura 10 dhidi ya 6. Matokeo yakija kuwa 8 kwa 8, mbunge mmoja akifariki au akijiuzulu hatakuwa tena amelifunga Bunge. Atakuwa amelifungua, na kila upande utajua ni kisiwa gani cha kukimbilia na kipi cha kuchelewesha.